Mke Wangu na Ubao wa Gofu

Mke wangu alianza kuzungumza habari za gofu mwishoni mwa mwezi wa saba, alipokuja nyumbani Kilosa kwa mapumziko ya siku nne. Alikuwa anakaanga vitunguu, mgongo amenipa, akasema kama mtu anayezungumza na sufuria, "Huyu wa sabini na moja asipopata pointi shindano la mwisho, msimu wake umekwisha."

Nikauliza ni wa sabini na moja wa nini. Nilidhani ni mambo ya mitihani, labda nafasi ya mtoto wa jirani darasani.

Akageuka na mwiko mkononi. Akanieleza kwamba kule Marekani wachezaji wa kulipwa wa gofu hukusanya pointi tangu mwanzo wa mwaka, shindano baada ya shindano. Mwishoni kunakuwa na mtoano wa kumpata bingwa wa msimu, na wanaoingia kwenye mtoano ni sabini tu. Kabla ya mtoano linabaki shindano moja, la mwisho kabisa, na hilo ndilo lilikuwa linakuja. Walio juu wengi hawaendi, wanapumzisha miili. Wanaokwenda kwa mioyo yote ni wale wa sitini na kitu, sabini na kitu, waliokaa mlangoni hawajui kama wataingia au watafungiwa nje.

"Sasa hebu fikiria uko wa sabini na moja," alisema. "Mtu mmoja tu amekuziba."

Macho yake yalikuwa yanang'aa. Nilikuwa sijayaona hivyo muda mrefu, na jambo la kwanza nililojiuliza halikuwa la huyo wa sabini na moja.

"Nani kakufundisha yote haya?"

"Kuna kaka mmoja pale kazini. Wa baa."

Akarudi kwenye sufuria. Vitunguu vilikuwa vimeshaanza kuungua.

Mimi ni fundi wa kutengeneza vyerehani. Nina kibanda changu Mabwerebwere, hapa hapa Kilosa, na siku mbili za wiki natembea na pikipiki na sanduku la vifaa kwenda kwa mafundi cherehani wa Kimamba, Masanze na vijiji vya njiani. Baba yangu aliletwa huku na kazi ya mkonge; mimi niliukuta mkonge umeshalala, nikajifunza kazi ya mikono. Mke wangu alikuwa na miaka miwili kwenye hoteli moja ya watalii Mikumi. Alianzia kwenye chumba cha kufulia, akikunja mashuka na kushona yaliyochanika, halafu wakampeleka mapokezi. Alikuwa anakaa huko kwenye nyumba za wafanyakazi, anarudi kila baada ya wiki mbili au tatu. Watoto walibaki na mimi na mama yangu mzazi.

Mambo ya gofu yalianzia kwenye mwandiko wake. Wageni wanaokuja kuona wanyama hurudi saa nne asubuhi, jua likiwa kali, na hawana la kufanya hadi jioni. Meneja akaweka ubao mweusi karibu na baa, wa kuandikia habari za michezo wanayoipenda. Yule mhudumu wa baa alikulia Morogoro mjini, ujana wake aliumalizia kwenye uwanja wa gofu akiwabebea wachezaji mifuko ya fimbo zao, kwa hiyo gofu aliijua. Ila mwandiko wake ulikuwa kama kuku kapita kwenye majivu. Mke wangu ana mwandiko wa kusomeka hata na asiyejua kusoma. Basi mmoja akawa anasema, mwingine anaandika. Baada ya muda mwandishi akaanza kuuliza maswali. Baada ya muda tena akawa yeye ndiye anayesimama mbele ya wageni kila Jumatano, siku moja kabla ya shindano kuanza, akiwaeleza nani anacheza, uwanja ukoje, nani ana nafasi.

Haya yote alinisimulia mwenyewe, akicheka, usoni hana la kuficha. Mtu mwenye akili ya kutosha angefurahi. Mimi nilihesabu ni mara ngapi alisema "tuliamua", "tulibishana", "tulimchagua". Hiyo "tu" haikuwa na mimi ndani yake.

Siku ya tatu ya mapumziko yake nilifanya jambo ambalo sijawahi kulifanya kabla wala baada. Alipoingia kuoga nilichukua simu yake. Nilikuta ujumbe wa yule bwana, mwingi, wa kila siku. Hakukuwa na neno moja la mapenzi. Kulikuwa na majina ya wazungu, nafasi zao kwenye jedwali, nani anaumwa goti, nani kabadilisha fimbo, na hapa na pale alama ya kucheka. Mke wangu alikuwa amemwandikia mahali fulani, "Hapana kaka, hapo umekosea, angalia alivyocheza juzi." Yule akajibu, "Nimekubali mwalimu."

Nilirudisha simu mahali pake. Ningekuta neno la mapenzi ningejua la kufanya. Mambo hayo yana njia yake, kuna wazee, kuna ndugu, kuna kwao. Lakini nani ataitisha kikao cha ukoo kwa sababu mkewe ameitwa mwalimu?

Aliporudi Mikumi nikaanza kujifunza gofu.

Nilijifunza kwa hasira. Mchana kibandani, cherehani ikiwa wazi mezani, nilikuwa natazama vipande vya video kwenye simu, na kifurushi kikiisha naongeza. Nilijifunza kwamba anayepiga mara chache ndiye mshindi, jambo ambalo kwa mtu aliyezoea mpira wa miguu linachukua siku kuliamini. Nilijifunza kwamba baada ya siku mbili, nusu ya wachezaji wanarudishwa nyumbani. Nilijifunza kwamba uwanja wa shindano lile la mwisho ni wa zamani na mfupi, na kwamba pale penye mashimo nyasi zimeinuka katikati kama sufuria iliyopinduliwa, mpira ukitua pembeni unateleza unaondoka. Kwa hiyo mwenye nguvu nyingi hana faida kubwa pale. Anayefaidi ni mwenye mkono mtulivu.

Jambo hilo la mkono mtulivu lilinigusa, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Kwa dakika chache nilisahau nilikuwa nimeudhika. Halafu nikakumbuka kwamba yule bwana alilijua hilo zamani, na alilisema kwa mke wangu kabla yangu, wamesimama karibu karibu mbele ya ubao, na hasira ikarudi.

Mke wangu hunipigia saa tisa mchana, muda wake wa kupumzika. Siku hiyo nikamwambia, "Huo uwanja wa wiki ijayo unataka mtu wa mkono mtulivu."

Akapiga kelele ya furaha. "Wewe! Umejulia wapi?"

"Nimejua tu."

"Haya niambie, nani atashinda?"

Nikamuuliza kwanza, yeye na mwenzake wamemchagua nani. Akanitajia. Nikamwambia huyo hawezi. Akanipa sababu, nami nikampa sababu za kupinga, nyingine nimezitunga hapo hapo. Siku ya pili nikafanya vilevile. Siku ya tatu alinijibu kwa mkato, na siku ya nne alisema, "Baba watoto, mbona kila ninayemtaja wewe unamkataa?"

"Nina mawazo yangu."

"Sawa," alisema, na akaniuliza habari za watoto.

Ijumaa hiyo nilikwenda Kimamba. Kuna mama mmoja fundi wa nguo za shule ambaye cherehani yake naijua kuliko ninavyojua jino langu. Nilipokuwa nimeinama natia mafuta, akasema, "Fundi, mkeo siku hizi ni mtu wa kwenye simu. Umemwona?"

Alikuwa na shemeji yake anayefanya kazi Mikumi, aliyeweka video moja mtandaoni ili watu waione. Akanipa simu, akaendelea kukata kitambaa.

Video haikufika dakika moja. Mke wangu amesimama mbele ya ubao, amevaa sare ya hoteli, anaeleza kwa Kiingereza. Pembeni yake kuna mwanamume ameshika boksi la chaki. Mke wangu anaanza sentensi, anakwama kwenye neno moja, na yule bwana, bila kumtazama, anammalizia. Wanacheka wote wawili. Anampa chaki ya rangi nyingine kabla hajaombwa. Basi. Hakumgusa.

Niliitazama mara tatu. Mimi na mke wangu tumeoana miaka kumi na moja. Nilijaribu kukumbuka lini nilimmalizia sentensi na akacheka. Nilizikumbuka sentensi nilizomkatisha.

"Anaongea vizuri," alisema yule mama.

"Anaongea vizuri," nikasema, na nikafunga sanduku langu bila kuijaribu cherehani yake. Kesho yake alinipigia kwamba inakata uzi.

Jumatano ya siku moja kabla ya shindano niliondoka Kilosa asubuhi na pikipiki. Sikumwambia mke wangu. Nilikuwa na sababu mfukoni: miezi miwili nyuma aliniomba nikaangalie cherehani ya chumba cha kufulia inayoruka mishono, nami nikamjibu kwamba Mikumi ni mbali kwa cherehani moja. Siku hiyo haikuwa mbali. Nilipita Masanze bila kusalimia mtu ninayemjua, nikapita kijiji cha Ulaya, mashamba yamekauka na mengine yamechomwa, majivu yanaruka barabarani. Njia nzima nilikuwa najisemea maneno nitakayomwambia yule bwana. Yalikuwa maneno mazito. Kufika barabara kuu ya Mikumi, kwenye malori, nilikuwa nimeyapunguza hadi matatu. Getini mwa hoteli sikubaki na hata moja.

Mlinzi alimwita mtu wa ndani. Aliyekuja kunipokea alikuwa yeye, yule wa baa.

Kwenye video alionekana mrefu. Alikuwa mfupi kuliko mimi, na mdogo wangu kwa miaka saba au minane, na viatu vyake vimesafishwa vizuri. Akainamisha kichwa.

"Shikamoo shemeji. Karibu sana. Dada hajatuambia kama unakuja."

Nilimjibu marahaba, kwa sababu marahaba haina hiari. Ukiamkiwa umeamkiwa. Na ukishasema marahaba umempokea mtu kama mdogo wako, huwezi tena kumkunja shati. Sijui kama alijua anachofanya. Nadhani alikuwa ananiamkia tu.

Alinibebea sanduku. Akaniletea maji baridi. Akaniuliza njia ilikuwaje, watoto hawajambo, bibi yao hajambo, na aliwataja watoto kwa majina yao. Kila alivyokuwa mwema ndivyo nilivyozidi kuumia. Nilitaka awe na kiburi kidogo. Nilitaka anione adui.

Mke wangu alitoka mapokezi mbio. "Kuna nini? Mtoto anaumwa?"

"Nimekuja kwa ajili ya cherehani," nikasema.

Alinitazama, akalitazama sanduku mkononi mwa yule bwana, halafu akanitazama tena. "Leo," alisema. "Jumatano." Akanielekeza chumba cha kufulia, akasema saa kumi ana kazi pale baa, nikipenda nije nisikilize.

Saa kumi nilikuwa nimekaa nyuma kabisa, kwenye kiti cha pembeni, mikono yangu ikinuka mafuta. Wageni walikuwa kama kumi na watano, chai mezani. Ubao ulikuwa umeshaandikwa. Sitausahau ule ubao. Juu alikuwa amechora uwanja kwa chaki ya kijani, na zile sehemu zilizoinuka amezipiga kivuli pembeni, ukiangalia unaona kabisa mpira utakavyoteleza. Chini upande mmoja majina ya wanaotazamiwa kushinda. Upande wa pili, ndani ya kisanduku, majina ya wale wa mlangoni, wa sitini na tano hadi sabini na tano, na mstari mwekundu umepita katikati yao. Nilikuwa nimeoa mtu anayeweza kufanya hivyo, na nilikuwa sijui.

Alizungumza kwa Kiingereza, akienda taratibu. Kiingereza changu ni cha kidato cha nne, kimeshika kutu, lakini mambo yenyewe nilikuwa nimeyasoma wiki nzima na nilimfuata karibu yote. Alisema wakubwa kadhaa hawapo na kwa nini. Alisema uwanja unataka nini. Alipofika kwa wale wa mlangoni sauti ilibadilika, akawa anawasimulia kama watu wa mtaani kwake: huyu ana mtoto mchanga, huyu alishawahi kuwa juu sana na sasa anatafuta njia ya kurudi. Wageni waliacha vikombe. Mzee mmoja wa kizungu akamuuliza yeye binafsi anamtaka nani avuke mstari, naye akaonyesha jina moja la chini ya mstari, wa sabini na moja. Watu wakacheka kwa upendo. Yule bwana alisimama pembeni na chaki zake, akimtazama kama mtu anavyotazama mche alioupanda ukatoa maua.

Hapo ndipo nilipoinua mkono.

Sikuwa nimepanga. Nilisema kwa Kiswahili, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, "Huyo mliyemweka wa kwanza kwenye orodha hawezi kushinda. Mgongo wake mbovu. Alitolewa uwanjani anashikiliwa. Mnawadanganya wageni."

Wageni waligeuka, wakaona mtu mwenye shati la mafuta. Yule bwana akainamisha macho chini mara moja, na kwa namna alivyoinamisha nikajua kwamba nimekosea, na kwamba ile video ya mgongo niliyoiona ilikuwa ya zamani.

Mzungu wa mbele akamuuliza mke wangu nimesema nini.

Mke wangu hakunitazama. Alitabasamu, akasema kwa Kiingereza kwamba bwana huyu ameuliza swali zuri: je, mgongo wa mchezaji huyu umepona sawasawa tangu alipoumia mwaka jana?

Wageni wakatikisa vichwa, swali zuri kweli. Akamwachia yule bwana ajibu, naye akajibu kwa heshima yote, kwamba ndiyo, aliumia, alipumzika, na msimu huu amecheza bila shida. Akamalizia kwa kunigeukia na kusema kwa Kiswahili, "Asante kwa kutukumbusha, kaka."

Nimewahi kutukanwa maishani. Sijawahi kusitiriwa mbele za watu na mke wangu na mtu ninayemwonea wivu, wote kwa pamoja, bila hata kukonyezana. Walifahamiana kiasi hicho. Niliondoka kabla hawajamaliza, nikarudi chumba cha kufulia.

Cherehani ile haikuwa na ugonjwa mkubwa. Sindano ilikuwa imepinda, na chini ya bobini kulikuwa na pamba ya miaka. Nilikuwa naichokonoa kwa brashi mke wangu alipoingia na kufunga mlango.

"Umekuja kutengeneza cherehani au umekuja kunitengeneza mimi?"

"Nimekuja kwa cherehani."

"Usinifanye mtoto."

Nikaweka brashi chini. "Nimemwona kwenye simu ya watu. Anakumalizia maneno."

"Kwa sababu nilikuwa nimeyasahau! Kiingereza kile sikuzaliwa nacho." Alikuwa anasema kwa sauti ya chini, na ilikuwa mbaya kuliko kelele. "Una kitu umekiona? Sema. Kama una kitu sema sasa hivi, nimwite hapa hapa."

"Sina."

"Umeangalia simu yangu."

Sikujua amejuaje. Hata leo sijui. "Niliangalia," nikasema.

Alikaa juu ya rundo la mashuka.

"Miaka kumi na moja," alisema, "nakusikiliza habari za sindano, za mikanda, za fundi gani wa Kimamba kaharibu mashine yake. Nakusikiliza kwa sababu ukisimulia unakuwa mtu mwingine, na mimi napenda kukuona hivyo. Sijawahi kukuuliza nani kakufundisha. Nami nimepata kitu kimoja. Nimekileta nyumbani kwa mkono wangu, nimekuwekea mezani. Ukaenda kukisoma ili unipige nacho."

Nilimwambia ninaona wivu. Nilidhani nikilitamka litapungua uzito, na kwamba atanionea huruma.

"Najua," alisema. "Nani asiyeona? Wageni wenyewe wameona." Akasimama, akakunja shuka moja lililoanguka, pembe kwa pembe. "Jumapili nilikuwa nije nyumbani. Siji. Jumapili ni siku ya mwisho ya shindano, nitaangalia hapa. Waambie watoto nitawapigia."

Niliimaliza ile cherehani, nikaijaribu kwenye kipande cha shuka, ikashona mstari ulionyooka. Yule bwana alikuja kunisindikiza hadi getini, nikamkatalia sanduku langu, nikalibeba mwenyewe. Aliniambia safari njema. Nilimwambia asante. Ni neno pekee la hiari nililowahi kumpa.

Shindano nililifuatilia Kilosa peke yangu kwenye simu. Aliyeshinda hakuwa mtu wao wala hakuwa mtu wangu. Yule wa sabini na moja alianza vizuri siku mbili za kwanza, siku ya tatu akateleza, na siku ya mwisho akamaliza akiwa mbali na mstari. Nilipoona hivyo nilifurahi, ni aibu kusema. Nilifurahi kwamba mtu nisiyemjua, mwenye maisha yake huko, ameshindwa, kwa sababu mke wangu alimpenda. Halafu nikamfikiria mke wangu ameketi pale baa anatazama, na nani ameketi karibu naye, na furaha ikanikauka mdomoni.

Jumatatu alipiga saa tisa kama kawaida. Alizungumza na watoto, akazungumza na mama. Simu ilipofika kwangu nikasema, "Pole, mtu wako hakuvuka."

"Asante," alisema. "Umekunywa dawa ya kifua?"

Na ikawa hivyo. Alirudi nyumbani wiki iliyofuata, akapika, akacheka na watoto, akalala kitandani mwetu. Hakununa. Hakulipiza. Lakini habari za gofu hazikuingia tena nyumbani kwangu. Nikitaja uwanja anasema "eh". Nikitaja mchezaji anasema labda. Ubao aliendelea nao, nilijua kwa kusikia kwa watu, na walisema unazidi kuwa mzuri, kuna mgeni alirudi mwaka wa pili akauliza kama yule mama wa gofu bado yupo. Nilikuwa nimetaka asiizungumze na mwingine zaidi yangu. Nilichopata ni kwamba anaizungumza na kila mtu isipokuwa mimi.

Mwaka huu, mwezi wa nane, alikuwa nyumbani tena. Tulikaa uani tunamenya mbaazi mbichi, beseni katikati yetu. Mtoano ulikuwa haujaanza; lilikuwa limebaki shindano lile lile la mwisho. Nilijua kwa sababu sikuacha kufuatilia, ila nilikuwa nimeacha kusema.

Nikamuuliza, "Wiki hii nani yuko mlangoni?"

Alimaliza ganda alilokuwa nalo kabla ya kuinua uso. "Unataka kujua, au unataka kunishinda?"

"Nataka kujua."

Alinipima kwa macho. Halafu akaanza, kwa uangalifu, kama mtu anayekanyaga daraja la miti asilolijua kwenye mto Mkondoa. Kuna kijana wa sabini na mbili, alisema, mwaka wake wa kwanza, anapiga mipira mirefu ovyo lakini akikaribia shimo anatulia. Kuna mwingine mkongwe, wa sitini na tisa, anayeomba tu wengine wakosee. Nilisikiliza. Mara mbili nilijua jambo ambalo yeye alikuwa amelisahau, nikalimeza.

"Lakini yule anasema huyo kijana hafiki popote," alisema, mkono wake ukitafuta ganda jingine. "Anasema ni mapema mno kwake."

Hakumtaja ni nani. Hakuhitaji. Niliusikia wivu palepale unapokaa siku zote, chini ya mbavu, upande wa kushoto, mzima, hauna hata siku moja ya uzee.

"Na wewe unasemaje?" nikauliza.

"Mimi nasema atavuka," akasema, na akasogeza beseni karibu yangu kwa sababu upande wake ulikuwa umejaa maganda.